STAA WA MJINI, CHESI YA MTANDAONI NA DOGO WA SUMBAWANGA ANAYETOLEWA KABLA HAJASOGEZA KETE

Wadau, kuna staa mmoja wa Dar, jina kapuni, kaamua kiki yake ya msimu huu iwe chesi. Siyo mbaya. Katangaza mashindano ya mtandaoni, eti "Tanzania nzima", watu 64, mshindi anaondoka na simu mpya. Balaa lipo kwenye mpangilio alioupika na swahiba wake mtangazaji: mtoano wa mechi moja, dakika 3 kila mchezaji bila nyongeza ya sekunde, saa 2 usiku, kamera wazi muda wote. Mtandao ukikata, umepigwa.

Sasa mchukue dogo wa Sumbawanga. Kaanzia drafti ya vizibo vya soda, akahamia chesi kwenye simu ya kaka yake, leo wakubwa wa kijiweni wanamkwepa. Umeme wa mji wake kwa miaka mingi umevutwa kutoka Zambia kupitia Mbala, na mvua ya Ufipa ikianza kushuka kila mtu anajua kinachofuata. Saa 2 usiku nusu ya mtaa iko kwenye simu. Mtandao ukiganda sekunde 40 tu, zaidi ya moja ya tano ya muda wake imeyeyuka hajawaza chochote. Kamera nayo inatafuna bando.

Dogo kauliza kwa adabu kwenye grupu la WhatsApp. Staa kamjibu: "Mdogo wangu, hii ni burudani, siyo mtihani wa NECTA." Vicheko vikamwagika.

Burudani gani inayowafukuza watu 32 baada ya mechi moja? Mtoano wa watu 64 una mechi 63 basi. Upo mfumo wa Uswisi, umetumika tangu Zürich 1895: hakuna anayetolewa, kila raundi unapangiwa mwenye pointi kama zako. Raundi 6 zinatoa mechi 192, na kompyuta ndiyo inayopanga. Wape dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5 kila hatua, raundi tatu Jumamosi mchana, tatu Jumapili. Aliyekatikiwa mara moja anapoteza pointi moja, habebi virago.

Na wasiseme kukatika ni shida ya washamba. Agosti 2020, fainali ya Olimpiadi ya chesi ya mtandaoni, India na Urusi, wachezaji wawili wa India wakapotea hewani kwa hitilafu ya intaneti iliyogusa dunia nzima. FIDE ikaishia kuzipa dhahabu nchi zote mbili. Wakubwa walikatikiwa wakahurumiwa, wa Laela na Matai akikatikiwa anaambiwa "pole, next"?

Halafu hiyo kamera. Eti inazuia wizi. Stockfish ni programu ya bure, na ikiwa kwenye simu ya kawaida inamchapa bingwa wa dunia. Kamera inaonyesha uso, simu ya pili iko mapajani. Dawa ni kuwakusanya wachezaji wa kila mkoa sehemu moja, chumba cha kompyuta cha shule au intaneti kafe yenye jenereta, na msimamizi mmoja anayetembea nyuma ya viti. Hapo wizi na bando vinamalizwa kwa mpigo. Maana bila msimamizi, dogo akishinda kutoka Sumbawanga, mji unaotaniwa nchi nzima kwa ungo, nani atakubali kirahisi? Wataanza na utani wa uchawi, watamaliza na tuhuma za Stockfish, na hatakuwa na shahidi hata mmoja.

Staa abaki na miwani yake, mtangazaji abaki na kelele zake, simu ibaki ile ile. Usajili bado uko wazi na mpangilio unabadilishwa kwa posti moja tu. Dogo kashajiandikisha, ni namba 41.