Nanga zisitupwe juu ya matumbawe ya Watamu

Kwa Mhariri,

Barua hii inalalamikia uharibifu wa matumbawe, yaani miamba ya chokaa inayojengwa na viumbe wadogo wa baharini, katika Hifadhi ya Kitaifa ya Bahari ya Watamu, ambayo imelindwa kisheria tangu mwaka 1968.

Hivi karibuni, wakati wa maji kupwa, mashua moja ya utalii ilitupa nanga juu ya miamba hiyo, na wageni waliokuwa wakiogelea kwa barakoa na mrija wa kupumulia wakasimama juu yake ili wapumzike. Mwandishi wa barua hii, aliyekuwa katika mashua ya jirani amevaa miwani ya polaroidi, aliviona wazi vipande vilivyovunjika, ilhali nahodha husika, asiye na miwani, alidai kwamba haoni ila mng'ao wa jua. Miwani hiyo huchuja mwanga unaoakisiwa na uso wa maji, ambao sehemu yake kubwa hutetema kwa mlalo, na hivyo kilicho chini huonekana.

Kwa kuwa matumbawe hukua polepole mno, na samaki wanaowalisha wavuvi hutegemea makazi hayo, wasimamizi wa hifadhi wanaombwa waongeze maboya ya kufungia mashua, wawahimize manahodha wavae miwani hiyo, na wawachukulie hatua wakaidi. Wenye mashua nao wajibu kupitia ukurasa huu.

Msomaji,
Watamu, Kilifi