Mita Inajua, Mpangaji Hajui

Kaskazi ikiingia Mombasa, feni hazizimwi usiku na tokeni huisha upesi. Hapo malalamiko huanza: mbona shilingi 500 za leo zimeleta yuniti chache kuliko za miezi iliyopita?

Jibu moja limo kwenye makundi ya bei. Tangu Aprili 2023, mteja wa nyumbani asiyepita yuniti 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini. Wa 30 hadi 100 hutozwa zaidi, na anayepita 100 zaidi tena. Kundi lako huamuliwa na wastani wa matumizi yako ya miezi 3.

Sasa chukua nyumba ya Majengo yenye vyumba 6 na mita moja. Kila mpangaji akitumia yuniti 20, yeye ni mtumiaji mdogo. Lakini mita huhesabu 120, na wote hulipa bei ya juu kabisa. Anayezima taa haoni faida, na anayeiacha ikiwaka haoni hasara yake. Atajibana kwa nini?

Teknolojia yenyewe haina lawama. Kununua tokeni kwa simu kumetufundisha kuona stima ikihesabika. Viwandani, mita zinazorekodi saa za matumizi ziliwezesha mpango wa Desemba 2017, ambapo stima ya ziada inayotumika usiku hulipiwa nusu bei. Mwenye kiwanda anajua saa ya kuwasha mashine. Mpangaji hajui hata yuko kundi gani.

Kampuni nayo inahitaji hesabu hiyo. Zaidi ya moja ya tano ya stima inayonunua Kenya Power hupotea kabla ya kulipiwa, kwenye nyaya na kwa wizi. Mita za kisasa zikiwekwa kwenye transfoma zinaweza kuonyesha ni mtaa upi unaovuja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari sasa lipo, ila halijamfikia anayeshika swichi. Ujumbe wa tokeni na uandike wazi kundi la mteja na yuniti zilizobaki kabla hajapanda. Wenye nyumba nao waombe mita kwa kila familia. Bila hayo, tutaendelea kununua vifaa vya kisasa huku stima ikipotea vilevile.