Mchawi wa Sinema na Mtoto wa Nyumbani

Mnajua ya kuwa katika mitaa ya Goma, toka Birere hata Ndosho, jioni yenye umeme ni jioni ya televisheni. Nyumba moja ina chombo, nyumba tano zina watazamaji. Watoto hukaa chini, wakubwa vitini, na jirani aliyekosa kiti husimama mlangoni. Hapo kila mtu ni mwamuzi: huyu asifu, yule alaumu. Basi nasi twataka kutoa maoni yetu machache, kwanza juu ya michezo ya televisheni, halafu juu ya sinema za kutisha.

Michezo ile mirefu itokayo Amerika ya Kusini, India na Uturuki, twaipenda kwa kiasi. Mara nyingi huja kwa Kifaransa, na mtoto asomaye shule humfasiria nyanya yake maneno. Hilo peke yake ni jambo jema. Kosa la michezo hiyo ni moja: haina mwisho. Barua iliyopaswa kusomwa leo, yasomwa baada ya mwezi mzima. Na binti amtafutaye baba yake akikutana naye njiani, hamwulizi hata jina. Sisi twapenda zaidi mchezo unaosema mambo tuyajuayo. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, habari za mke kijana aitwaye Doudou na mama wakwe zake. Aliyeutazama aliona mara moja kwamba mkwe wa Uchina na mkwe wa kwetu ni ndugu. Na hapa Kongo, kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilifanya kazi ya namna hiyo miaka mingi, redioni na katika televisheni, kwa Kiswahili cha watu wa mjini. Mtazamaji alicheka, kisha akatambua kwamba anajicheka mwenyewe.

Sasa tuje kwenye sinema za kutisha. Wako wasemao kwamba hazifai kabisa. Sisi hatusemi hivyo. Tangu zamani wazee walisimulia habari za mazimwi usiku, watoto wakasogeleana karibu na moto, na asubuhi wote walikuwa wazima. Kutisha nako kuna ufundi wake. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, sinema ya papa mla watu iliyotolewa mwaka 1975, papa wake wa mitambo aliharibika mara kwa mara katika maji ya bahari. Ikambidi aonyeshe maji matupu, na pengine pezi tu. Kumbe! Watu waliogopa kuliko kama wangaliona meno toka mwanzo. Kwa hiyo twasema: mtengenezaji amwagaye damu katika kila picha ni sawa na mpishi atiaye chumvi mpaka chakula hakiliki.

Tena hofu ya pamoja si kama hofu ya peke yako. Huko Kampala na Dar es Salaam wako wafasiri wanaotia sauti zao juu ya sinema za kigeni na kuongeza mizaha yao. Wakisema neno, hata mzuka hupungukiwa na ukali. Lakini mtoto atazamaye sinema hiyohiyo katika simu usiku, chini ya blanketi, hana wa kumchekesha.

Zaidi ya hayo, yafaa tuulize: sinema hii yamnyoshea nani kidole? Mwaka 1992 Wanijeria walitoa Living in Bondage. Humo mtu aitwaye Andy amtoa mke wake Merit kafara ili apate utajiri, na baadaye mzuka wa Merit wamsumbua asipate raha. Hadithi hiyo yatisha, lakini kidole chake chamwelekea mwenye tamaa, si mnyonge. Kila atazamaye ajiuliza moyoni: je, mimi ningefanya nini kwa ajili ya fedha? Hiyo ndiyo hofu yenye faida.

Iko michezo mingine, na kwetu Kongo twaijua sana, hasa ile ya Kinshasa, ambamo mchawi ni bibi kizee wa nyumbani au mtoto mdogo. Twamwona akiruka usiku, twamwona akila nyama ya watu, na mwishoni mchungaji amwombea naye aungama. Mtazamaji hana sababu ya kuwa na shaka, maana amejionea kwa macho yake. Lakini ameona nini? Ameona mchezaji aliyepakwa rangi, na picha mbili zilizounganishwa kwa mashine. Nyumbani hakuna mashine hiyo. Nyumbani yuko mtoto tu, nasi tumekwisha kujifunza kumtazama kwa jicho la sinema.

Tusidhani ni maneno matupu. Toka miaka ya 1990 watoto wengi wa Kinshasa walisingiziwa uchawi, wakapigwa na kufukuzwa, wakalala barabarani. Jambo hilo lilikuwa zito hata Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, ikakataza kumsingizia mtoto uchawi. Na sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikaweka adhabu ya kifungo.

Nasi wa Goma yatupasa kuangalia zaidi. Mlima Nyiragongo ulitoka moto tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Katika mkimbio ule watoto wengi walitengana na wazazi wao. Januari 2025 mapigano yaliingia mpaka ndani ya mji. Ndiyo sababu nyumba nyingi zina mtoto wa ndugu, aliyekuja bila baba wala mama. Mtoto huyo hukojoa kitandani, hupiga kelele usingizini, hukonda, hununa, hukataa kusema. Katika michezo ile, hizo ndizo alama za mchawi. Kwa kweli ni alama za mtoto aliyeona mambo ya kutisha kuliko sinema yo yote.

Wazee walisema: mchawi mpe mwanao amlee. Maana yake, hata yule uliyemshuku, mwaminie mtoto, na uaminifu utamfunga mikono. Ajabu ya siku hizi ni kwamba twamshuku mtoto mwenyewe, na kumnyima mlezi.

Basi, wazazi, mkitazama sinema hizo, ketini pamoja na watoto wenu, waelezeni jinsi picha zinavyotengenezwa, na walio wadogo sana walaleni mapema. Jirani akisema, “Mtoto huyu ni kama yule wa jana katika televisheni,” mwambieni kwamba yule wa jana alilipwa mshahara, akanawa uso, akaenda kwao. Tazameni, chekeni, ogopeni kidogo. Lakini chombo kikizimwa, wahesabuni watoto waliolala, na yule wa ndugu yenu apate blanketi sawa na wenzake.