Kosa la ofisi lisilipwe na sufuria ya mama

Vijana wenzetu, leo tuongee kitu ambacho wengi wanakinong'ona tu kwenye foleni ya maji: pesa ya msaada iliyoingia zaidi, na jinsi inavyorudishwa.

Sisi tunaojitolea kwenye dawati la malalamiko tumeona ya mama mmoja wa hapa kwetu. Kijana wake alihama kambi. Mama akaenda mwenyewe kuripoti ili jina litolewe. Karani akaandika, lakini kwenye kompyuta jina likabaki. Miezi saba pesa ya chakula ikaingia ya watu sita badala ya watano. Siku walipogundua, wakakata yote kwa mpigo. Mwezi wa kwanza hakupata hata shilingi. Mwezi wa pili akapata ya watu watatu. Alikata rufaa mapema, ila jibu lilikuja mwezi wa tatu: ni kweli uliripoti, kosa si lako, lakini pesa ilikuwa lazima irudi.

Sasa rufaa hiyo ilimsaidia nini? Watoto walikuwa wameshalala njaa.

Hatusemi pesa isirudi. Tuambiane ukweli, kati yetu wapo wanaoficha: mtu alisharudi kwao zamani, kadi yake bado inachukua mgao. Hiyo inawaumiza wenye njaa kuliko sisi. Lakini aliyeficha na aliyeripoti hawawezi kuhukumiwa sawa.

Na msidhani ni mambo ya kambini tu. Uholanzi, nchi tajiri, ofisi ya kodi iliwadai maelfu ya wazazi warudishe posho yote ya malezi ya watoto, wengine kwa kosa dogo tu la karatasi. Wengi wao walikuwa na asili ya nje, kama sisi. Walikata rufaa, na kwa miaka mahakama ya juu ya utawala ilisimama na ofisi, mpaka ilipobadili msimamo Oktoba 2019. Januari 2021 serikali ikajiuzulu. Lakini kuna waliokuwa wameshapoteza nyumba.

Uingereza nao wanadai posho ya Universal Credit iliyozidi hata kama ofisi ndiyo iliyokosea. Ila tangu Aprili 2025, kwa kawaida makato hayatakiwi kuzidi asilimia 15 ya posho ya msingi. Yaani unalipa, na bado unakula.

Sisi tunaomba mambo matatu. Rufaa ijibiwe kwanza, ndipo wakate. Kosa likiwa la ofisi, wasamehe, au wakate kidogo kidogo. Na kila anayeripoti apewe karatasi yenye tarehe na muhuri.

Hilo la mwisho tusisubiri ofisi. Ukienda kuripoti, usiondoke dirishani bila karatasi. Kama mama yako hajui kusoma, msindikize. Karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea siku ya rufaa.

Tuko pamoja. Kwenu hali ikoje?