Daftari la Wiki: Miji Iliyogawanywa Mezani

Palma, Jumatatu. Mpwa wangu amerudi vitani. Vita vyenyewe ni vya Skyrim, gemu la Bethesda lililotoka Novemba 2011, nami nimeketi naye jioni za wiki hii kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sana sisi wa ghuba ya Tungi.

Kwa asiyelijua: ni nchi ya theluji ambayo mfalme wake mkuu, Torygg, ameuawa na Ulfric Stormcloak, mtawala wa Windhelm. Ulfric anataka nchi ijitenge na Dola, iliyotia saini mkataba wa kupiga marufuku ibada ya mungu Talos. Dola nayo imemleta Jenerali Tullius, kaweka makao Solitude, auzime uasi. Mchezaji hula kiapo upande mmoja, kisha hupewa misheni moja baada ya nyingine: kutafuta taji la kale, kupigania Whiterun, kuteka ngome jimbo kwa jimbo, mpaka mji wa adui uanguke.

Kijana alikuwa ameapa kwa Dola, akakaribia vita vya Whiterun, kisha masomo yakamshika. Sasa amefungua pale alipohifadhi. Amri ya Tullius bado inamngoja, lakini sababu ya kuapa imemtoka. "Mjomba, hivi hawa niliwachagulia nini?" Nililipenda swali hilo kuliko ushindi wowote. Nikamshauri aiweke misheni kando, azunguke kwanza mijini awasikilize watu.

Amezunguka. Windhelm amewakuta Dark Elves, wakimbizi, wamebanwa kwenye mtaa mmoja mchakavu, na Waargonia, watu wenye umbo la mijusi, wanaobeba mizigo gatini lakini hawaruhusiwi kukaa ndani ya ukuta. Kuhusu Dola akakumbuka gemu linavyoanza: pale Helgen jina lake halikuwemo kwenye orodha ya wa kukatwa kichwa, na ofisa akaamuru apelekwe hivyo hivyo. Hakupewa upande msafi. Ameamua kubaki na Dola, na safari hii anaweza kusema kwa nini.

Jumatano. Kabla ya kupigana aligeukia habari za Alduin, lile joka linalotishia kuumaliza ulimwengu, na hapo vita vikasimama. Ukilifikia joka kabla ya kuvimaliza vita, wazee wa High Hrothgar huwaita mahasimu juu ya mlima wakubaliane kusitisha mapigano. Kwangu mimi hiyo ndiyo misheni bora ya vita hivi, na hakuna upanga unaochomolewa. Ulfric anadai Markarth. Wa Dola wanataka fidia, na jina la Riften linaingia mezani. Mchezaji anaulizwa kipi ni haki kwa kipi. Wachimba fedha wa Markarth na wavuvi wa Riften wako mbali, hawajui kama wanajadiliwa. Mkataba unadumu mpaka joka life, kisha kila upande unarudia silaha zake.

Nilimwomba asibonyeze jibu upesi, kwa kuwa Kionga iliwahi kukaa juu ya meza kama hiyo.

Kionga ipo kaskazini yetu, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno waliafikiana kwamba Ruvuma ndio mpaka. Mwaka 1887 Wareno waliipiga Tungi mizinga wakaichukua kutoka kwa Sultani Barghash wa Zanzibar. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka mto wakaikalia Kionga, kwa hoja kwamba kipande hicho kilikuwa cha Sultani na haki zake zimewaangukia wao. Aprili 1916 Wareno wakairudisha, na mwaka huohuo wakazigonga jina la Kionga stempu walizokuwa wamezitoa kwa ajili ya Lourenço Marques. Mwaka 1919, baada ya mkataba wa Versailles, wakubwa wakaikabidhi Ureno, na hiyo ndiyo ardhi pekee ambayo Ureno iliongezewa kwa kuingia kwake katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mtu wa Kionga aliyezaliwa chini ya bendera ya Sultani angeweza kuiona ya Mjerumani ikipanda na kushuka, kisha akazeeka chini ya Mreno, bila kutoka shambani kwake. Hakuna wa Kionga aliyekuwa na kiti Versailles.

Kijana alisikiliza yote, akauliza barua zenye stempu zile ziliandikwa na nani. Swali zuri.

Alhamisi. Hapa nina ugomvi na waliotunga gemu. Mji ukibadilishwa mikono, mtawala wa zamani ndiye anayekimbia: wa Ulfric wanakwenda kuhifadhiwa Windhelm, wa Dola wanajazana chini ya kasri la Solitude. Askari wa lindo wanabadilisha sare. Mhunzi anabaki kwenye fuawe yake, muuza mboga kwenye meza yake.

Palma haikuwa hivyo. Tarehe 24 Machi 2021 mji huu uliposhambuliwa na waasi, waliokimbia ni wahunzi na wauza mboga. Wengine walikwenda Quitunda na Afungi, wengine wakatembea porini siku kadhaa, wengine walivuka Ruvuma na kurudishwa, na wengine walipanda mashua mpaka Pemba ya hapa Msumbiji, wakateremka ufukweni pa Paquitequete na walichovaa. Mji wa Mocímboa da Praia ulikuwa umeshashikwa nao tangu Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Rwanda na Msumbiji. Mkoani kwetu waliohama makwao walifikia karibu milioni moja. Natamani mtunzi mmoja wa magemu, hata wa hapahapa pwani, atunge misheni ya mama anayerudi nyumbani kwake na kukuta mtu mwingine amelala humo. Ina ugumu wote ambao gemu linautaka: ushahidi, mashahidi, subira, na mzee wa mtaa mwenye kukumbuka mipaka ya viwanja.

Ijumaa, baada ya swala, barazani wanacheza bao. Mashimo 32, kete 64, na kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi. Kete ikiliwa haitolewi ubaoni. Aliyeila anaisambaza upande wake, na baadaye yaweza kuliwa ikarudi. Mpwa wangu ni mwepesi kwenye skrini, huku alifungwa mapema na mzee ambaye hakuinua hata uso.

Wiki ijayo nakwenda Kionga. Mwenye babu au bibi aliyemsimulia habari za Mjerumani na Mreno, au mwenye barua ya zamani sandukuni, hata kama wino umefifia, naomba anipokee. Nikitoka hapo nitapita Namiranga, kwa hiyo wa kando ya mto nao wasinisahau.