Baina ya Magharibi na Isha: Saa Hii ni ya Nani?

Ukikaa siku hizi na wazazi wa huku kwetu Pwani, iwe ni Kibokoni, Malindi au Lamu, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye mtaala wa umilisi. Tangu ulipoanza kutumika nchini kote Januari 2019, ukachukua nafasi ya ule wa 8-4-4 ulioanzishwa 1985, wazazi wamelalamikia vitabu, wamelalamikia fedha za kuchapisha picha kwenye saiba, na wamelalamikia kazi za nyumbani ambazo aghalabu huwa ni za mzazi kuliko za mtoto. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini nionavyo mimi, yako mashaka mengine yaliyo makubwa zaidi, nayo hayatajwi katika mikutano ya wazazi wala katika hotuba za wakubwa. Mashaka hayo ni ya saa. Mtoto wa Kiislamu wa Pwani hana saa.

Natuhesabu pamoja. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zasema kuwa masomo ya darasani katika shule za kutwa yaanze saa 2 asubuhi na yamalizike saa 9:30 alasiri, kisha kuwe na michezo na shughuli nyingine mpaka saa 10:45 jioni. Hiyo ndiyo sheria. Lakini gari la shule lina wanafunzi wa mitaa mitatu au minne, na yule anayechukuliwa kwanza huamshwa saa 11 alfajiri, wakati muadhini bado yuko njiani. Arudipo jioni, hula tonge mbili, akavaa kanzu au buibui, akakimbilia chuoni. Chuoni hutoka adhana ya magharibi ikilia. Akishasali, kuna kazi ya shule inamngoja, na mama amekwisha kunoa kalamu za rangi. Akimaliza, usingizi umemshika hapo hapo juu ya mkeka.

Sasa tutazame upande wa pili wa hesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Lilisema kuwa mtoto wa miaka 3 au 4 ahitaji kulala baina ya saa 10 na 13 kwa siku. Basi mtoto wa PP1 mwenye miaka minne, akiwa ataamshwa saa 11 alfajiri, yampasa awe amelala kufikia saa 1 usiku. Na hapa kwetu jua hutua saa 12 na robo hivi, au saa 12 na dakika arubaini, kulingana na mwezi. Maana yake ni kwamba, tangu tusalipo magharibi mpaka mtoto huyo alale, hakuna hata saa nzima. Kwa ndugu zake wakubwa ni saa moja na dakika chache mpaka isha. Hicho ndicho kipande pekee cha siku kilichobakia kwa nyumba. Swali langu ni hili: kipande hicho tumempa nani?

Wazee wetu nao walikuwa na mashaka yao, lakini hayakuwa haya. Wao waliuliza kama ni halali na ni busara kumpeleka mtoto shule ya serikali, wakichelea asije akapotea katika dini. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alilivalia njuga jambo hilo. Aliwahimiza Waislamu waamke, wasome elimu ya dini na ya dunia, wasibaki nyuma ya wenzao. Ugomvi ule ulikwisha, na alhamdulillahi ulikwisha vyema. Leo huoni mzazi wa Pwani anayeona fahari mwanawe kukosa shule, wala anayeona sawa mwanawe asijue juzuu ya Amma. Vyote viwili twavitaka. Lakini tulipovitaka vyote viwili hatukuuliza ni kitu gani cha tatu kitakachosukumwa nje. Kilichosukumwa ni nyumba.

Wako watakaosema nyumba si shule, na mtoto hapungukiwi na kitu akiwa mwalimu na maalim wote wawili wamemshika. Mimi nasema anapungukiwa, tena sana. Tazama Sura ya Luqman katika Qur'ani Tukufu. Mafunzo yale ya tauhidi, ya sala, ya kutowabeuza watu na ya kushusha sauti, Mwenyezi Mungu ametusimulia kuwa ni maneno ya baba kwa mwanawe, tena amwita kwa neno la kumbembeleza. Tazama pia Hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) akiswali hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab: akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Mtoto yule hakuambiwa swali. Aliona sala kutoka begani.

Na katika fasihi yetu wenyewe, utendi unaojulikana kuliko tendi nyingi za Waswahili haukutungwa kwa ajili ya darasa. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa alipoutunga, mwaka 1858 hivi, akimwachia bintiye mawaidha. Ni mazungumzo ya nyumbani yaliyotiwa vina. Mwanamke yule hakusema, "Ataambiwa na mwalimu wake."

Lugha nayo imo katika hesabu hii. Sera ya elimu yasema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapoishi, na kwa mtoto wa Mji wa Kale au wa Siu lugha hiyo ni Kiswahili. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tukashangilia kwa haki. Lakini kitinda mimba wangu, aliye Gredi ya 2, juzi alitaka kunionyesha mbuzi jikoni akasema, "Baba, kile kitu cha nazi." Mwenzake wa jirani hajui tofauti ya ami na mjomba, wote kwake ni "anko". Maneno haya si kazi ya kitabu cha shule peke yake, wala si kazi ya maalim wa chuoni kuyafundisha. Maneno ya jikoni hujulikana jikoni, na majina ya jamaa hujulikana jamaa wanapotembeleana. Mtoto asiyejua amwite nani ami hawezi kujua ana haki gani kwake, wala ami ana haki gani kwa mtoto. Hapo ndipo adabu inapoanzia, nasi twaitafuta kwenye kiboko.

Simu nayo hulaumiwa sana, na lawama nyingine ni za kweli. Mwongozo ule ule wa 2019 wasema mtoto wa mwaka mmoja au chini yake asiwekwe mbele ya kioo cha picha, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Wako akina mama wengi wa Pwani walio Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba wakifanya kazi za majumbani, na watoto wao wako na bibi zao hapa. Kwa mtoto kama huyo simu ndiyo mama. Nimesikia mama akimsomesha mwanawe Suratul Ikhlas kutoka Riyadh, aya kwa aya, mpaka mtoto akaipata. Kifaa ni kile kile. Tofauti ni kama upande wa pili kuna mtu anayemjua mtoto kwa jina.

Basi nirudi kwenye swali langu, nami nitalijibu bila kificho. Saa ile ya baina ya magharibi na isha, sisi akina baba tumeipa baraza. Tukitoka msikitini hatupiti nyumbani. Twakaa kitako tukanywa kahawa, tukaitengeneza siasa ya Nairobi na ya Gaza, mpaka tuadhiniwe isha. Mama amebaki peke yake na kazi ya shule, na chakula cha usiku, na mtoto mdogo anayelia. Kisha twasema watoto wa siku hizi wamepotea, kana kwamba walipotea wakati tulipokuwa tukiwatazama. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Hakusema ataulizwa mkewe kwa niaba yake.

Yako ya kufanywa na wengine. Walimu wakuu na waifuate kanuni ya 2015, wasiwaite watoto wadogo gizani. Serikali za kaunti, ambazo Katiba ya 2010 imezikabidhi elimu ya chekechea, na zijenge madarasa hayo mitaani, mtoto wa miaka minne aende kwa miguu, ameshikwa mkono. Maalim wa vyuo na wakae na walimu wa shule wapange, mtoto apewe walau jioni mbili katika juma zisizo na kazi ya huku wala ya kule. Hayo yataka mikutano, barua na fedha, na huenda yakachukua miaka.

La kwetu halitaki mkutano. Laanza leo usiku, nalo halina gharama: sala ya magharibi, kisha nyumbani. Baba akae juu ya mkeka, aulize siku ilikuwaje, atege kitendawili kimoja, ataje jina la babu mmoja. Kahawa itangoja isha. Haijapata kumwagika kwa kungojewa.

Saa moja ya wanao, siitupe barazani,
Keti ukaseme nao, waone raha moyoni,
Hiyo ndiyo haki yao, haiuzwi madukani,
Kesho popote wendao, watakumbuka nyumbani.