Punda Afe, Mzigo Ufike?

Wiki iliyopita nilimkuta punda amepiga magoti mlimani, nyuma yake mkokoteni wenye madumu 16 ya maji, kila moja la lita 20. Begani, pale kamba inaposugua, palikuwa na kidonda kibichi kilichojaa nzi. Kijana mwenye mkokoteni alikuwa akimchapa kwa kipande cha mpira, papo hapo penye kidonda. Nilipomsihi aache, mpita njia mmoja akanijibu kwa niaba yake: "Ndugu yangu, huyo ni mnyama tu. Punda afe, mzigo ufike."

Msemo huo tumeusema tangu utotoni bila kuusikiliza. Hausemi punda afe, mtu apone. Unasema mzigo ufike. Tunapojigamba kwamba uhai wa binadamu una thamani kuliko uhai mwingine wowote, hapo ndipo tunapojidanganya. Nyumba ikiwaka moto, ndani mna mtoto na punda, nitamtoa mtoto kwanza, nawe pia. Lakini tumeikuta nyumba hiyo mara ngapi? Kila siku tunaweka uhai wa mnyama upande mmoja wa mizani, na upande wa pili tunaweka madumu, haraka zetu na faida. Kisha tunaapa kwamba tumepima uhai wa mtu.

Tazama biashara ya ngozi. China huchemsha ngozi ya punda kutengeneza ejiao, dawa ya asili inayosifiwa kwa kuongeza damu na kurembesha. Kwa ajili hiyo, kati ya 2016 na 2018 Kenya ilichinja punda zaidi ya 300,000. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja. Hakuna zizi linaloweza kuzalisha kwa kasi ya kisu hicho. Wezi wakaanza kuvamia usiku, na asubuhi mwenye punda akakuta mzoga uliochunwa. Kuanzia siku hiyo, aliyebeba maji mgongoni ni mama wa nyumba ile. Mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nawapongeza, lakini azimio lao la Addis Ababa halitibu kidonda cha punda wa mtaani kwetu.

Nitaambiwa Mungu alimweka mtu juu ya viumbe vyote. Naam, alimweka kama khalifa, na khalifa ataulizwa hesabu. Mtoto wa chuo cha Kurani pale Lamu anaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa njaa. Paka mmoja! Na hata tukikubali kwamba mtu ni zaidi, mia kuizidi kumi hakuifanyi kumi kuwa sifuri.

Siku ile, mimi na yule kijana tulishusha madumu sita kando ya barabara. Punda akainuka mwenyewe, bila fimbo, akapanda mlima. Kijana aliporudi kuyachukua yaliyobaki, zilikuwa zimepita dakika 20 hivi. Dakika hizo 20 ndizo zilizokuwa upande wa mtu kwenye mizani. Uhai wake haukuwamo kamwe.